Mkono wa Tarrin

Barabara ya Tano,
Six Nations,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada Verna,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Orval na wote walio chini ya paa lenu. Kwanza kabisa nashukuru kwamba tumeamka, kama mama alivyotuzoesha, na namshukuru Muumba kwa jua la leo ingawa halina joto lolote. Mimi sijambo. Natumaini nawe hujambo, na kwa kweli kuhusu hilo sina wasiwasi mkubwa, kwa sababu jana asubuhi nilikuona ukiondoa theluji mlangoni kwako, na kwa jinsi ulivyokuwa ukiirusha na lile koleo, nguvu unazo tele.

Ndiyo, nakuandikia barua mtu ambaye moshi wa nyumba yake nauona nikiwa jikoni kwangu. Watu wakisikia watatucheka, na wana haki. Lakini ningefanyaje? Simu nimepiga mpaka nimechoka, hupokei. Mlangoni nimekuja mara tatu, na mara ya tatu nilikusikia kwa masikio yangu mwenyewe ukiongeza sauti ya redio. Shemeji Orval alichungulia dirishani akanipungia mkono kidogo, kisha akageuka kukutazama, akaushusha ule mkono upesi kama mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari. Simlaumu. Anaishi humo.

Barua hii atakuletea mama mkubwa Elda. Amekubali kuibeba kwa sharti kwamba nisimwambie yaliyomo, ili baadaye asije akaambiwa amechukua upande. Nilipokubali sharti lake, akakaa, akamimina chai, akaniuliza yaliyomo. Nikamwambia ni mambo ya ndugu wawili. Akasema yeye si mtu baki. Tumevutana hivyo mpaka birika limeisha. Kwa hiyo ukikuta bahasha imefunguliwa na kubandikwa tena, unajua ni nani.

Nusu ya jezi nimeipata. Ile jezi uliyoishona mwenyewe msimu ulipoanza, upande wa kulia timu yangu ya lakrosi, Mafundi Chuma, na namba yangu, upande wa kushoto Nyuki na namba ya mwanao Tarrin, ili tukikutana uwanjani mtu asikwambie unapendelea. Watu wa televisheni walikupiga picha ukiwa umeivaa, ukaringa wiki nzima. Sasa nusu yangu nimeikuta imetundikwa kwenye sanduku langu la barua, nyuzi zinaning'inia. Umeifumua mshono baada ya mshono. Hapo ndipo nilipojua umekasirika kweli, maana zingekuwa hasira zako za kila siku ungetumia mkasi.

Na laiti ungekuwa wewe peke yako! Nimeshindwa hata kununua mafuta. Yule Wray wa kituoni, ambaye hajakimbia tangu tuko shule, alinijazia tangi huku akinifundisha jinsi ya kumkaba mshambuliaji wa mkono wa kushoto. Akaniambia eti babu akishindwa kwa miguu hutumia fimbo. Nikamuuliza huyo babu ni nani. Akanijibu nijitazame kwenye kioo cha gari. Jumamosi iliyopita nikaenda ukumbini kwenye chakula cha mchana, nikapanga foleni kama watu wengine, na wale akina mama wa jikoni wakanipakulia supu ya mahindi isiyo na hata kipande kimoja cha nyama. Nikatazama bakuli la mtu wa mbele yangu, nyama imejaa. Nikatazama la mtu wa nyuma yangu, hivyo hivyo. Nikaenda kukaa, nikainywa supu yangu. Ungeniambia nini? Niende kugombania nyama ya nguruwe na mama zangu?

Wanasema nina wivu. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Wanasema mimi nimecheza misimu kumi na mitano na nina mabao kumi na moja, na kati ya hayo matatu kipa alikuwa ameshatoka golini, halafu kijana wa dada yangu kwa msimu mmoja tu amefunga arobaini, kwa hiyo roho imeniuma nikamvunja mkono. Mabao kumi na moja ni kweli. Lakini mimi ni beki, jamani! Ni watu wa kwetu hawa, wamezaliwa kwenye mchezo huu wa fimbo zenye wavu, wote wanajua kwamba beki akishanyang'anya mpira kazi yake ni kukimbilia benchi ili washambuliaji waingie. Mimi uwanjani naingia wakati wa shida, nikitoka wenzangu wanaingia kula raha. Hiyo ndiyo ajira yangu. Miaka kumi na mitano nimepigwa fimbo za mbavu kila Jumamosi, Jumapili nimeruka na ndege kurudi nyumbani, Jumatatu nimepanda vyuma vya majengo na mkanda wa zana kiunoni, na hakuna siku nimetamani bao la mtu. Sembuse la Tarrin.

Tarrin nimemlea nawe. Baba yake ni mpole mno, wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukinipigia simu, ukiniambia nije niseme na mpwa wangu kwa sababu mjomba nipo, na kwetu mjomba wa upande wa mama ndiye wa kukaripia. Nilikuja kila uliponiita. Nilikuja alipotoroka shule, nilikuja alipogonga lori la Orval kwenye nguzo ya lango. Na nilikuja siku zisizo na ugomvi, nikamsimamisha mbele ya ukuta wa ghala na kumrushia mpira mpaka mikono yetu ikafa ganzi. Kukaba kwake nilishindwa kumfundisha, hana hamu nako. Lakini kila anachokifanya mbele ya beki, amekijua kwa kunipita mimi.

Basi sasa keti, Dada, na usiichane barua kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka mechi ya Nyuki ya Desemba, Tarrin alipobamizwa kwenye ukuta wa uwanja kichwa kikatangulia. Ulikuwepo. Alinyanyuka, akacheka, akainua ngumi, watu wakashangilia, na wewe ukashangilia. Wiki ile ile daktari wa timu alimpima akasema yuko sawa. Hakuwa sawa. Mwezi wa kwanza tulipokutana nyumbani kwa siku za ibada ya Katikati ya Baridi, nilitoka nje ya Nyumba Ndefu mchana kupunga upepo, nikamkuta nyuma ya magari ameinama anatapika. Kofia ameishusha mpaka puani kwa sababu mwanga wa theluji ulikuwa unamchoma macho. Nikadhani amekula kibaya. Akaniambia ni hivyo tangu Desemba. Akaniambia kichwa kinamuuma kila siku ya Mungu, na kwamba watu wakija upande wake wa kushoto hawaoni mpaka wafike.

Nilimwambia twende tukakwambie, saa ile ile. Alinishika koti kwa mikono miwili, Dada, mtoto mkubwa vile, akanisihi. Akasema wewe ukijua, basi, mchezo umekwisha. Akasema kiangazi kinakuja na timu ya taifa letu inachaguliwa, avumilie mpaka hapo tu, akishavaa ile jezi ya kwetu mara moja atapumzika apendavyo. Akaniuliza kama mimi mwenyewe sikuivaa na kichwa changu kinavuma. Nikampa neno langu kwamba sitakwambia. Mtu mzima wa miaka thelathini na saba, nikamwahidi kijana wa ishirini na miwili upuuzi kama ule.

Nikawa napiga simu kila siku kumuuliza anaendeleaje. Siku ya kwanza akasema vizuri. Ya pili akasema vizuri. Ya tatu akasema nimekuwa mama mkubwa Elda. Nikamwambia apumzike hata mechi mbili, asingizie mgongo. Akacheka, akaniambia nataka apumzike kwa sababu mechi ya pili ni dhidi yetu. Kichwa kigumu kuliko chako!

Tukafika kwenye mechi hiyo. Umeitazama ukiwa safu ya pili, lakini wewe ulikuwa unatazama mpira. Mimi nilikuwa natazama kiuno chake na shingo yake, maana mshambuliaji ukisimama naye kifua kwa kifua, macho yatakudanganya ila kiuno hakikudanganyi. Kila mpira ulipotoka kushoto, Tarrin aligeuza kichwa chote kama bundi. Robo ya tatu wenzake walimrushia pasi nyepesi, ya mtoto wa miaka minane, kutoka kushoto. Ikampiga begani. Hakuiona. Watu wakaguna, wakadhani amezubaa.

Nilirudi benchi. Pale kuna beki wetu mmoja mpya, Brodie, kijana mkubwa kama mlango wa ghala, mtu mzuri tu asiye na ubaya na mtu. Nimemfundisha kazi mwenyewe. Akaniinamia akacheka, akasema yule namba tisa wa Nyuki leo amelala, upande wa kushoto haoni kitu, na akipita tena katikati atamlaza. Alikuwa anasema kazi. Mimi ndiye niliyemwambia atafute mtu ambaye hajui kwamba unakuja. Zamu yake ilikuwa imefika, alishaweka mguu juu ya ukuta wa benchi aruke kuingia.

Ningeweza kumwambia Brodie. Ningeweza kumlilia kocha, ningeweza kumkimbilia refa, ningeweza kusimama katikati ya uwanja nikaita jina lako. Yote hayo nimeyapata baadaye, nikiwa nimekaa hapa na nusu ya jezi. Wakati ule nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja. Nikamvuta Brodie nyuma kwa shati, nikaruka mimi.

Nimewaambia watu wote kwamba fimbo iliteleza. Nimemwambia refa aliyenitoa, nimewaambia wakubwa wa ligi walionifungia, nimekwambia wewe nikipiga kelele nje ya mlango wako. Haikuteleza, Verna. Nilimfuata, nikangoja mpaka glovu yake ikapanda, nikampiga mkono wa kulia pale ambapo pedi haifiki, kwa nguvu zangu zote. Nilichagua mkono. Nilichagua mfupa ambao najua hupona kwa wiki sita, kwa sababu na mimi nimeuvunja mara mbili. Nilipousikia umevunjika nilifurahi, na Mungu wangu shahidi, ndicho kitu ninachokiona aibu kuliko vyote. Kisha akanitazama kutoka chini. Hakunitukana. Alijua mara moja kwa nini.

Ndiyo maana hajasema kitu, wala hakunitetea, wala hakunishtaki. Akisema lolote, lazima aseme kwa nini. Tumekaa na siri hiyo wiki tano, yeye kwako na mimi kwangu, na wewe katikati unatuhudumia mmoja na kumnunia mwingine.

Nilidhani wiki sita zitamtosha. Elda ananiambia, akidhani ananipa habari ya kawaida, kwamba Tarrin amefunga blanketi dirishani mwa chumba chake na anakula na miwani ya jua. Wewe umedhani ni majonzi ya mkono. Si mkono, Dada.

Alhamisi anatolewa plasta. Jumamosi Nyuki wana mechi na wameshatangaza kwamba anarudi. Na kabla ya kurudi watampima kichwa tena, kwa ule mtihani wa kompyuta wa kukumbuka maneno na kubonyeza rangi, halafu watalinganisha na majibu yake ya Oktoba, kabla msimu haujaanza. Watakuta hakuna tofauti. Watampigia makofi. Watamruhusu.

Watakuta hakuna tofauti kwa sababu ya Oktoba ni ya uongo. Anapoanza msimu mchezaji akiwa mzima, anajifanya mzito. Anasahau maneno makusudi, anachelewa kubonyeza, anakosea michoro miwili mitatu. Basi hata akibamizwa vipi katikati ya msimu, majibu ya mtu aliyeumia yanafanana na ya mtu aliyejifanya, na daktari hana la kusema. Nilimfundisha mimi. Mwezi wa nane, mezani kwako, wewe ukiwa umetupa mgongo unakaanga mkate. Nilimwambia akosee kiasi, asizidishe, nikamfanyia mazoezi kwa karata. Ukageuka ukauliza tunacheka nini. Tukakwambia hamna kitu. Ukatuwekea mkate na jamu ya stroberi, tukala.

Nilidhani namsaidia. Nimefanya hivyo kila mwaka kwa miaka kumi na mitano, nikaona ni ujanja wa kazi kama kufunga viatu vizuri. Hayo ndiyo niliyoshindwa kuyasema mlangoni, hata ungefungua.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalize. Niliwaambia nimeacha kupanda vyuma kwa ajili ya goti. Goti langu ni zima. Niliacha kwa sababu siku moja mwezi wa tisa, ghorofa ya kumi na moja, sikujua nimepandaje wala nashukaje, na ikabidi mwenzangu anishike mkono kama mtoto. Mwezi wa kumi na moja nilitoka dukani kuja kwako na unga wako ulionituma. Nilizunguka hizi barabara zetu saa nzima, Verna. Nyumba niliyozaliwa, sikuipata. Nilikwambia gari liliharibika, ukanigombeza kwa ajili ya unga. Sitaki Tarrin afike hapo. Ana miaka ishirini na miwili tu.

Sasa ninachokuomba ni hiki. Hanisikii mimi, wala Orval hawezi, lakini wewe ukisema hapana hatathubutu kukupita mlangoni, unajua hivyo na yeye anajua. Alhamisi ingia naye kwa daktari, akatae asikatae. Mwambie daktari majibu ya Oktoba ayatupe. Shule ilimpima alipokuwa na miaka kumi na saba, kabla sijamharibu, na karatasi zile unazo kwa sababu wewe hujawahi kutupa karatasi maishani mwako. Walinganishe na hizo. Halafu waone.

Nimevunja neno nililompa mpwa wangu, na najua hatanisamehe upesi. Na wewe ulikuwa unaninunia kwa ajili ya ajali, sasa una kosa lenyewe hasa. Ninunie, basi. Nitakula supu bila nyama mpaka nife. Ila kwanza mzuie mtoto.

Msalimie sana shemeji Orval, mwambie kule kupunga mkono nilikuona na nilishukuru. Msalimie Tarrin kama atakubali kupokea salamu zangu, na asipokubali usimlazimishe.

Miadi ni saa nne, Elda ameniambia. Kutoka hapa kwenda hospitali ni mwendo wa dakika ishirini, lakini mimi nitatoka saa mbili, maana siku hizi njia zinanichukua muda. Nitakaa garini pale mbele, sitawasogelea. Daktari akikataa kukuamini, toka nje unigongee kioo. Nitaingia, na nitamwambia ya Tarrin na ya kwangu yote, miaka kumi na mitano, mbele yako.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja, na mjomba wa mwanao,

Garnet